Shule Iliyoanza na Watoto Wasio na Kwao

Jumapili, baada ya komunyo, habari za familia husomwa mbele ya watu wote. Ndivyo ilivyo Kilosa mjini, ndivyo ilivyo Mikumi, na ndivyo ilivyo hata Malolo, kata ya wakulima wa vitunguu na mpunga katika bonde la mto Mwega. Katekista au katibu hushika karatasi yake na kuanza: ndoa, tangazo la pili, kijana fulani wa jumuiya fulani anataka kufunga ndoa na binti wa kigango jirani, mwenye pingamizi amwone paroko. Wazazi wa watoto wa komunyo ya kwanza wabaki kidogo. Mama fulani amefiwa na kaka yake, jumuiya ikutane kwake jioni. Wazazi wa darasa la saba wana kikao katikati ya wiki, na ambao hawajamaliza michango wanajijua. Hapo watu hucheka, maana si wao tu wanaojijua. Kanisa zima linawajua.

Kuchanganya shule, kanisa na nyumba za watu katika karatasi moja hakumshangazi mtu yeyote huku. Mtoto akifanya vizuri, anayepongezwa ni Mama Anjela. Akitoroka kipindi, anayeitwa ni Baba Anjela, na akikawia kuja, mwenyekiti wa jumuiya atapitia kwake. Lakini desturi hii ina mwanzo wake, na mwanzo huo unajulikana kwa tarehe. Ni 4 Machi 1868, Bagamoyo, pale mapadre wawili wa Shirika la Roho Mtakatifu, Antoine Horner na Étienne Baur, walipoanzisha misheni ya kwanza ya Kikatoliki katika bara la Tanzania ya leo. Barabara ya misafara iliyoanzia pale pwani ilipita Usagara, ikifuata bonde la Mkondoa kwenda Mpwapwa na Unyamwezi. Kwa hiyo historia ya shule za Wakatoliki wa Kilosa haiwezi kuanzia Kilosa. Inaanzia mahali ambapo barabara hiyo ilikuwa ikiwamwaga watu.

Na inaanza na jambo la ajabu kidogo: wanafunzi wake wa kwanza hawakuwa na wazazi wa kuitwa shuleni.

Kabla ya Bagamoyo kulikuwa na Unguja. Desemba 1860 Padre Armand Fava aliteremka Zanzibar akitoka kisiwa cha Réunion, akifuatana na mapadre wenzake na masista wa shirika la Mabinti wa Maria. Masista hawa wanastahili kutajwa zaidi ya wanavyotajwa. Shirika lao liliundwa Réunion mwaka 1849, mwaka mmoja tu baada ya utumwa kufutwa kisiwani humo, na lilipokea wanawake wa rangi zote, wakiwemo waliowahi kuwa watumwa. Walipofika Unguja hawakuhitaji mtu wa kuwaeleza mtoto wa soko la Mkunazini ametoka wapi. Mwaka 1863 misheni ilikabidhiwa kwa mapadre wa Roho Mtakatifu, na Horner akafika kuiongoza.

Watoto walipatikana kwa njia mbili. Wengine walinunuliwa sokoni kwa fedha za wafadhili wa Ulaya, jambo ambalo mapadre waliliita kukomboa. Wengine waliletwa na ubalozi wa Uingereza baada ya manowari kukamata majahazi ya watumwa baharini. Wote walifika bila jina ambalo mwenyeji wao angelielewa, wengi wakiwa wagonjwa, na wakizungumza Kiyao, Kinyasa, Kizaramo na lugha nyingine ambazo hakuna padre aliyezijua.

Mmoja wao tunamjua vizuri kuliko wenzake wote: Swema, msichana wa Kiyao, ambaye maisha yake yaliandikwa na kuchapishwa Ufaransa mwaka 1870. Baba yake aliuawa na simba. Mama akabaki na dhiki, akakopa nafaka, na siku ya kulipa ilipofika hakuwa na kitu. Mdai akamchukua mtoto na kumwuza kwa msafara kwa mikono kadhaa ya kitambaa. Mama hakukubali kutengana naye. Akaufuata msafara kwa miguu yake, akibeba mzigo, mpaka nguvu zikamwishia na kuachwa njiani. Swema alifika Unguja akiwa mifupa mitupu. Wenye msafara wakaona amekwisha, wakamviringisha katika mkeka na kumfukia makaburini kijuujuu. Kijana mmoja aliyekuwa akipita akasikia sauti, akamfukua, akampeleka kwa masista. Alipona, akabatizwa, akabaki nao akihudumia wagonjwa.

Msomaji wa leo ana haki ya kukisoma kisa hicho kwa jicho la pili. Kiliandikwa na Wazungu kwa ajili ya kuwagusa Wazungu wenye pochi, na mwanahistoria Edward Alpers, aliyekichambua upya miaka ya 1980, alionyesha kwamba kalamu ya mmisionari iko kila ukurasa. Hata hivyo deni la nafaka, mama anayeufuata msafara na mkeka wa maiti si mambo ya kutungwa na padre wa Paris. Hayo ni maisha ya bara hili. Ukitaka taarifa ya familia ya mwanafunzi wa kwanza wa shule ya Kikatoliki upande huu wa dunia, ndiyo hiyo: baba ameuawa na simba, mama yuko njiani.

Bagamoyo ilianzishwa ili watoto hao wapate nafasi. Unguja ilikuwa finyu na ardhi yake ilikuwa na wenyewe; bara kulikuwa na mashamba ya kulima, na Sultani Majid alitoa ruhusa. Ratiba ya siku ilipangwa kwa kengele. Asubuhi sala, kisha kazi ya shamba au karakana, kisha darasa: katekisimu, kusoma, kuandika, kuhesabu, kuimba. Wavulana walifundishwa useremala, uhunzi na uashi. Wasichana walikuwa upande wa masista, wakishona, wakifua na kupika. Minazi ilipandwa kwa maelfu. Muziki nao haukusahaulika. Henry Morton Stanley, alipopita Bagamoyo mwaka 1871 akienda kumtafuta Livingstone, alipigiwa muziki na bendi ya tarumbeta ya watoto wapatao 20, na akaandika kwa mshangao kwamba alikuwa akisikia nyimbo za Kifaransa katika bandari ya mbali namna ile. Wanafunzi wakati huo walikwisha kupita 200.

Mwaka uliofuata kila kitu kilianguka. Tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja na pwani, kikang'oa mikarafuu, kikazamisha majahazi, na misheni ya Bagamoyo ikabaki kuta na miti iliyolala. Walianza upya. Mnara wa kanisa lililofuata bado upo, na ndio uliopokea mwili wa David Livingstone Februari 1874, ulipoletwa na Chuma na Susi pamoja na wenzao baada ya safari ndefu kutoka Ilala, katika Zambia ya leo. Kati ya kimbunga na mwili huo kuna tukio lisilo na mnara lakini lenye uzito zaidi: Juni 1873 soko la watumwa la Unguja lilifungwa. Mwaka huohuo mjumbe wa Uingereza, Sir Bartle Frere, alikagua Bagamoyo na kuisifu kuwa mfano wa kuigwa na misheni nyingine.

Lakini watoto wanakua, na shule yenye watoto waliokua bila ukoo ilikuwa na swali ambalo shule ya kawaida haina. Kijana wa miaka 20 aliyehitimu useremala, aende wapi? Kwao hakukumbuki au hakufikiki. Mahari itatolewa na nani? Mshenga atatumwa kwa nani? Jibu la mapadre lilikuwa kijiji. Pembeni ya misheni waliweka Kijiji cha Mtakatifu Yosefu. Vijana wa upande wa mapadre walioana na wasichana wa upande wa masista, wakapewa nyumba na shamba. Kwa maneno mengine, shule ndiyo iliyokuwa ukoo. Ilisimama upande wa bwana harusi, ikasimama na upande wa bibi harusi. Daftari la ndoa la parokia lilifanya kazi ambayo kwingine hufanywa na wajomba na mashangazi: lilisema nani ni wa nani.

Haifai kulisimulia hili kama hadithi ya malaika. Wanakijiji walidaiwa kuifanyia kazi misheni siku kadhaa za wiki, kutoka bila ruhusa kulikuwa kosa, na adhabu zilikuwepo. Padre Paul Kollman wa Chuo Kikuu cha Notre Dame, katika kitabu chake cha mwaka 2005 juu ya watumwa na asili ya Ukatoliki Afrika Mashariki, amepekua barua na shajara za mapadre na kuonyesha kwamba wanakijiji walinung'unika, walidai haki zao, na wengine walitoroka. Wengine walitoroka kisha wakarudi, maana huko nje mtu asiye na ndugu alikuwa windo. Huo ulikuwa uhuru wa nusu, na wenyewe walijua ni wa nusu. Jambo la kuwapa sifa ni kwamba hawakukaa kimya.

Na wao hao ndio waliopeleka shule bara.

Horner alipoanzisha Mhonda mwaka 1877, katika milima ya Nguru, hakupanda na mapadre peke yao. Walikwenda na familia za kijiji: mume fundi, mke anayejua kusoma, watoto mgongoni. Ndivyo ilivyokuwa Mandera karibu na Wami, ndivyo Morogoro mwaka 1882, ndivyo Tununguo mwaka 1884. Wenyeji wa bara hawakuliona kanisa kwanza. Waliona watu weusi kama wao wakijenga nyumba za pembe nne na kupanda miembe, na watoto wao wakikaa chini asubuhi kukariri herufi. Padre Baur na Padre Alexandre Le Roy walitembea wakati huo kupitia Udoe, Uzigua, Ukwere, Ukami na Usagara, na safari yao ikawa kitabu mwaka 1886. Kilosa na jirani zake hazikuwa pori tupu walipopita. Kondoa, hapohapo bondeni, palikuwa na kituo cha Wafaransa chini ya Kapteni Bloyet, na Waanglikana wa shirika la CMS walikwisha kukaa Mpwapwa na Mamboya. Ushindani huo wa madhehebu ulileta uhasama wa kipuuzi mahali pengi, lakini ulileta pia shule. Mchungaji akijenga banda la kusomea, padre hakulala.

Vita ya pwani ya mwaka 1888 na 1889, Abushiri alipopambana na Wajerumani, iliipa misheni ya Bagamoyo kazi nyingine. Maelfu ya watu walikimbilia kwenye uwanja wake, na Baur akawa mpatanishi kati ya pande zilizokuwa zikiuana. Watoto wa shule waliona darasa lao likigeuka kambi. Miaka 17 baadaye, Agosti 1905, ilikuwa zamu ya Kilosa yenyewe, wapiganaji wa Maji Maji walipofika.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza Waingereza walichukua nchi, na kuanzia katikati ya miaka ya 1920 serikali ikaanza kutoa ruzuku kwa shule za misheni zilizokubali ukaguzi na mtaala. Hapo Wakatoliki walikuwa na uamuzi wa kufanya, na ushauri waliusikia Dar es Salaam mwaka 1928 kutoka kwa Arthur Hinsley, mjumbe wa Papa. Aliwaambia maaskofu na mapadre kwamba wakishindwa kuyafanya yote mawili, ni heri kanisa lingoje na shule ishughulikiwe. Kwa padre aliyeacha kwao ili ajenge kanisa, maneno hayo yalikuwa machungu. Kwa wazee wa vijijini yalikuwa habari njema.

Lakini ruzuku ilifika kwa shule chache. Zilizobaki zilikuwa zile za vigango: banda la miti na nyasi lililojengwa na wazazi, ubao mmoja, na mwalimu ambaye Jumapili ndiye katekista. Huyu ndiye mtu aliyeibeba elimu ya milima ya Usagara na Uvidunda kwa nusu karne, na ni jambo la kusikitisha kwamba ameandikwa kidogo mno. Posho yake ilikuwa ndogo na ilichelewa. Alilima kama wenzake. Alisomesha kusoma, kuandika na sala, akaandikia wazee barua za kwenda kwa watoto wao mjini, akawasomea majibu, akapatanisha wanandoa, akazika padre asipofika. Mke wake alikuwa nusu ya shule, ingawa hakuna aliyemwandika kwenye orodha ya malipo: watoto wa mbali walilala kwake, wenye homa walipewa uji kwake, na wasichana waliruhusiwa na baba zao kuja darasani kwa sababu tu mke wa mwalimu alikuwepo.

Katika nyanda za chini hali ilikuwa tofauti. Mashamba ya katani ya Kimamba na Rudewa yalileta manamba kutoka kila pembe ya nchi: Wangoni, Wabena, Waha, Wamakonde. Waliokuja na wake zao walizaa hapo, na watoto wao wakawa kama wale wa Bagamoyo kwa namna moja: bibi na babu wako mbali, na lugha ya nyumbani haizungumzwi na jirani. Shule iliwakuta wakiwa wageni ikawafanya watu wa Kilosa. Reli ya Kati ilikuwa imekwisha kuufikia mji huo enzi za Wajerumani. Mwaka 1960 tawi lake likafika Mikumi, na mwaka 1965 likafika Kidatu kwenye miwa. Kila penye kibarua kipya palizuka kigango, na penye kigango watu walianza kuulizana watoto watasoma wapi.

Mwaka 1937 Askofu Bernard Hilhorst, Mholanzi wa shirika lilelile la Roho Mtakatifu, alianzisha shirika la masista wazalendo, Masista wa Moyo Safi wa Maria, ambao watu wa Morogoro huwaita kwa jina la mahali pao, masista wa Mgolole. Binti wa Kiluguru au wa Kisagara sasa aliweza kurudi kijijini akiwa sista na mwalimu. Familia nyingi zililia binti alipoondoka. Zilijivuna alipoonekana mbele ya darasa. Jimbo la Morogoro likaundwa mwaka 1953, na mwaka 1966 Adriani Mkoba akateuliwa kuwa askofu wake wa kwanza Mwafrika.

Alikuta shule ziko mlangoni mwa kuondoka. Machi 1967 Mwalimu Nyerere alitoa Elimu ya Kujitegemea, na Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 ikaziweka shule za madhehebu zilizokuwa zikipata ruzuku chini ya serikali. Nyerere mwenyewe alikuwa Mkatoliki, alikwisha kufundisha St. Mary's Tabora na St. Francis Pugu, kwa hiyo hakuna aliyeweza kusema hajui anachokichukua. Sababu yake ilikuwa nzito: mtoto wa Kiislamu hakupaswa kuchagua kati ya dini yake na darasa. Ukweli huo ulikuwa ukiumiza nyumba nyingi za Kilosa, mji wa njia ya misafara ambako Uislamu ulitangulia, na shule za mapadre hazikuwahi kuujibu vya kutosha. Utaifishaji ulikuwa wa haki kwa jambo hilo, hata kama baadaye majengo mengi yalikosa rangi, vioo na mwishowe mabati.

Alama yake inaonekana mpaka leo. Ukitembea Kilosa na kukuta shule ya msingi ya serikali imebanana na kanisa, uwanja mmoja, mwembe mmoja mkubwa katikati, kisima kimoja, uliza wazee. Mara nyingi watakwambia ilikuwa ya mapadre. Azimio la Musoma la mwaka 1974 na Elimu ya Msingi kwa Wote ya mwaka 1977 zilijaza madarasa hayo watoto kuliko alivyowahi kuota padre yeyote. Kanisa likabaki na vipindi vya dini. Na kanisa lisilo na shule lilihitaji njia nyingine ya kuzifikia nyumba.

Njia hiyo ilikuwa jumuiya ndogo ndogo. Maaskofu wa Afrika Mashariki waliiamua katika mikutano ya umoja wao, AMECEA, ya mwaka 1973 na 1976: kaya chache zinazokaa jirani zikutane kila wiki, nyumba kwa nyumba, zisali, zisome Injili, zijue nani mgonjwa na nani hana chakula. Mwaka 1972 wanawake Wakatoliki walikuwa wamekwisha kuunda chama chao, WAWATA. Anayetaka kuona shule ya Kikatoliki ya leo inasimama juu ya nini, asitazame majengo; atazame jumuiya. Mzazi akifariki, jumuiya ndiyo inayojua kwanza kwamba mtoto fulani wa darasa la nne hana wa kumlipia. Mwalimu mkuu atajua baadaye, ada ikichelewa.

Ada, sasa. Miaka ya 1990 milango ilifunguliwa tena. Mwaka 1992 serikali ilitia saini makubaliano na makanisa juu ya huduma za jamii, Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 1995 ikaruhusu shule binafsi za msingi, na mashirika ya masista na majimbo yakarudi darasani, safari hii mara nyingi kwa mtaala wa Kiingereza, bweni na basi la shule. Matokeo ya mitihani yamekuwa mazuri na wazazi wa dini zote wanapanga foleni. Lakini hesabu ni hesabu. Serikali ilifuta ada ya shule ya msingi mwanzoni mwa miaka ya 2000. Kwa masista inalipwa. Mkulima wa Malolo huihesabu kwa magunia ya vitunguu, na vitunguu vina tabia yao: msimu ambao kila mtu amevuna ndio msimu ambao bei imelala. Mfereji wa Mwega humpa maji ya kulima kiangazi, haumpi bei. Shule inayojua wazazi wake hukubali alipe kwa awamu baada ya mavuno. Shule isiyowajua humrudisha mtoto nyumbani Januari.

Hapa ndipo penye swali gumu la urithi huu, na halina haja ya kufichwa. Shule iliyoanzishwa kwa ajili ya mtoto ambaye mama yake aliachwa njiani imekuwa, mahali pengi, shule ya mtoto ambaye mama yake ana uwezo. Masista wengi wanalijua hilo na wanasomesha yatima kimyakimya kwa kubana bajeti. Haitoshi, na wenyewe wangekuwa wa kwanza kukubali.

Hata hivyo kuna mzunguko mmoja ambao umekamilika vizuri. Mwaka 1843 Askofu Charles de Forbin-Janson wa Nancy, Ufaransa, alianzisha Shirika la Utoto Mtakatifu. Watoto wa Kifaransa walitakiwa kusali kila siku na kutoa senti moja kila mwezi kwa ajili ya watoto wa nchi za mbali. Kwanza walifikiriwa watoto wa China, kisha fedha zikafika Unguja na Bagamoyo. Sehemu ya gharama za kuwakomboa na kuwalisha wanafunzi wa Horner ilitoka kwenye senti hizo. Leo Utoto Mtakatifu uko katika parokia za Tanzania nzima. Watoto wake huonekana kwenye maandamano ya misa wakiwa na sare, wakicheza mbele ya altare, na kwenye Sikukuu ya Epifania hutoa sadaka yao kwa ajili ya watoto wenzao wa dunia. Mtoto wa Kilosa anayetumbukiza sarafu kikapuni siku hiyo hachangii historia ya mtu mwingine. Analipa deni la babu zake wa imani, na anampa mtoto ambaye hamjui, kama alivyopewa Swema na watoto ambao hawakumjua.

Novemba 2018 Wakatoliki walikusanyika Bagamoyo kuadhimisha miaka 150 ya imani Tanzania Bara, Kadinali John Njue wa Nairobi akiwa mjumbe wa Papa. Mwaka 2025 Bagamoyo yenyewe ikafanywa jimbo. Mapadre wa kwanza hutajwa kwa majina. Wanafunzi wa kwanza hawatajwi sana, na si kwa ubaya: majina yao yamo katika madaftari ya ubatizo na ndoa, na madaftari hayana mtu wa kuyafungua.

Madaftari ya bara yako hatarini zaidi. Mafuriko ya Desemba 2009 na Januari 2010, Mkondoa ulipovunja kingo, yaliwaacha maelfu ya watu wa Kilosa kwenye mahema, na karatasi haiogelei. Mchwa hawangoji mvua. Walimu na makatekista waliofundisha kabla ya mwaka 1970 sasa ni wazee, na wengi wao hawajawahi kuulizwa swali hata moja na mwandishi yeyote. Parokia yenye daftari la zamani ilipige picha ukurasa kwa ukurasa kabla ya masika yajayo. Simu ya kijana wa VIWAWA, chama cha vijana Wakatoliki, inatosha kwa kazi hiyo. Na mzazi wa Malolo, Kidodi, Ulaya ya hapa Kilosa au Kimamba mwenye babu aliyekuwa mwalimu wa kigango akae naye jioni moja na kalamu, amwulize shule ilijengwa na nani, nani walikuwa darasani, na nani alioa nani.